Kipimo cha Nyumbani na Kipimo cha Ugenini

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwaka 1949 Makerere iliingia katika mpango ulioitwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Kijana aliyesoma shahada alisoma Kampala na kufanya mtihani Kampala, lakini shahada aliyotunukiwa ilikuwa ya London. Mtaala uliweza kubadilishwa kidogo ili ulingane na mazingira yetu, ila London ndiyo iliyoupitisha. Maswali yalitungwa na walimu wa hapa wakishirikiana na watahini wa kule. Mpango huo ulidumu hadi 1963, pale Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 muungano huo nao ukavunjika, kila nchi ikabaki na chuo chake.

Habari hii husimuliwa kama sehemu ya historia ya ukoloni, kisha ikaachwa hapo. Mimi naona kuna swali ndani yake ambalo halijafungwa. Chuo kikuu kinapovuka mpaka kwenda kufundisha au kutafiti ugenini, kifuate kipimo cha nani? Cha kilikotoka, au cha kilikofika? Na likitokea baya, nani ajibu?

Swali hili liko mlangoni kwetu. Johns Hopkins ya Marekani imefanya utafiti na Makerere kwa miaka mingi, pale Mulago na kule Rakai. Chuo Kikuu cha Aga Khan, chenye asili yake Karachi, kinafundisha wauguzi hapa Kampala. Hata Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, ambacho wengi wetu tunakiita chetu, chimbuko lake ni uamuzi uliopitishwa Lahore mwaka 1974 katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu, kikafungua milango Mbale mwaka 1988. Ukiishi Kampala na kusoma, huwezi kukwepa mkono wa mtu aliye mbali.

Mwenzangu mmoja anayesoma udaktari aliniuliza kama fiqhi ina lolote la kusema juu ya jambo hili, au sisi wa masomo ya dini kazi yetu ni tohara na mirathi tu. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwenu nyote.

Yaliyotokea Rakai

Tuanze na kisa chenyewe. Mradi wa Rakai ulianza mwaka 1988, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukifyeka vijiji vya wilaya ile. Ulikuwa wa watafiti wa Uganda pamoja na wa vyuo vikuu vya Columbia na Johns Hopkins. Kati ya 1994 na 1998 walifanya jaribio kubwa la kutibu magonjwa ya zinaa vijijini, wakitaka kuona kama maambukizi ya VVU yatapungua. Katika takwimu za jaribio hilo waliwatambua wanandoa 415 ambao mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Walifuatiliwa hadi miezi 30. Kati ya wale 415 waliokuwa salama mwanzoni, 90 waliambukizwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika New England Journal of Medicine. Yalionyesha kwamba virusi vikiwa vichache katika damu, maambukizi nayo yanakuwa machache. Elimu hiyo ni miongoni mwa misingi ya tiba ya leo, ambapo mgonjwa anayetumia dawa vizuri humlinda pia mwenzi wake. Rakai hiyohiyo ilikuwa moja ya sehemu zilizothibitisha, mwaka 2007, kwamba kutahiriwa kwa mwanamume hupunguza hatari ya kuambukizwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nazungumzia kazi isiyo na heri.

Lakini katika toleo lilelile la jarida, mhariri wake Marcia Angell aliandika makala ya kuuliza maswali magumu. Alisema utafiti wa namna hiyo usingewezekana Marekani. Kule ingetarajiwa kwamba mgonjwa atapewa tiba, na mwenzi wake ataarifiwa. Rakai dawa za kupunguza makali hazikuwako vijijini wakati ule. Kila mshiriki alipewa nafasi ya kujua majibu yake na kupata ushauri bila malipo, ila sera ya Uganda haikuruhusu mtafiti kumwambia mke hali ya mumewe, au mume hali ya mkewe, bila ya idhini ya mwenyewe. Watafiti nao walijibu kwamba walifuata sera ya nchi, na kwamba kamati za Uganda na za Marekani zote zilipitisha kazi yao.

Jibu hilo ni la kweli, na halifai kubezwa. Ila linatuachia swali: je, kupitishwa na kamati kunammalizia mtu wajibu wake?

Majibu mawili yanayogongana

Mjadala kama huo ulikuwa umewaka miaka mitatu nyuma. Mwaka 1994 ilijulikana kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa utaratibu mrefu na wa gharama kubwa, inapunguza kwa theluthi mbili maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baadaye yakaanzishwa majaribio katika nchi maskini, Uganda na Tanzania zikiwemo, kutafuta utaratibu mfupi na wa bei nafuu. Katika baadhi ya majaribio hayo kundi moja la akina mama lilipewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1997 wakosoaji wa Marekani wakasema huo ni upimaji wa mizani miwili: mama wa Marekani hawezi kupewa kidonge kitupu wakati dawa inajulikana, kwa nini apewe mama wa Kampala?

Aliyejibu kutoka hapa ni Dakta Edward Mbidde, aliyekuwa akiongoza kamati ya utafiti wa UKIMWI katika Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa ufupi alisema kwamba tafiti hizo si za Wamarekani wanaozifanya Uganda. Ni za wananchi wa Uganda, zinafanywa na wataalamu wa Uganda kwa watu wao wenyewe, na kwa manufaa yao.

Tazama basi. Mmoja anasema haki ni kipimo kimoja kwa wote. Mwingine anasema haki ni mwenyeji kuamua mambo ya nyumbani kwake. Kila mmoja ameshika upande wa kweli, na kila upande ukiachwa peke yake unaharibika. Kipimo kimoja kwa wote, kikisimamiwa kutoka mbali, kinarudi kuwa London ya 1949: shahada ni sawa na ya kule, lakini ufunguo uko kule. Na uamuzi wa mwenyeji, ukiachwa bila kipimo, unaweza kuwa mlango wa mgeni kufanya ugenini lile asilothubutu nyumbani, kisha akatoa barua yenye muhuri wetu kama ngao.

Fiqhi inasema nini

Sitadai kwamba wanachuoni wa kale waliandika juu ya kamati za maadili ya utafiti. Waliandika juu ya amana, idhini na dhamana, na hayo matatu ndiyo mifupa ya jambo lenyewe.

La kwanza ni mizani. Sura ya Al-Mutaffifin inafunguliwa kwa onyo kwa watu wanaotaka wapimiwe kwa ukamilifu wanapopokea, lakini wao wanapowapimia wengine wanapunguza. Tumezoea kuisoma sura hiyo tukimfikiria muuza sukari pale Owino. Mimi naona inamhusu pia yeyote mwenye vipimo viwili, akiwemo mtafiti mwenye fomu ndefu ya ridhaa kwa watu wa kwao na fomu fupi kwa watu wa kijijini. Linamhusu vilevile mwalimu anayetumwa kufundisha tawi la ng'ambo kwa maandalizi ambayo wanafunzi wa makao makuu wangeyakataa. Kosa linalokemewa pale halihusu ukubwa wa kipimo. Linahusu kubadilika kwake kulingana na nani yuko upande wa pili wa mizani.

La pili ni idhini. Ibnul Qayyim, katika Zadul Ma'ad, anagawa mafungu matano ya matabibu na hukumu ya kila mmoja anapomdhuru mgonjwa. Tabibu stadi, aliyepewa ruhusa, akaifanya kazi kwa haki yake bila kuvuka mpaka, hadaiwi kitu. Lakini tabibu stadi aliyepewa ruhusa, mkono wake ukateleza na kuharibu kiungo kizima, anadaiwa fidia ingawa hakukusudia. Yaani ruhusa ni sharti moja miongoni mwa masharti. Inaondoa dhambi ya kuingia bila kubisha hodi. Haiondoi jukumu la yale utakayoyafanya ukishaingia.

Kisha kuna ruhusa ya mtu aliyebanwa. Mafakihi wamejadili mauzo ya mtu mwenye dharura, anayeuza shamba lake kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa. Hata waliosema mkataba unasihi wamemlaumu mnunuzi anayeitumia shida ile. Sasa mfikirie mkulima wa kijiji kisicho na zahanati. Anakuja mtafiti na daktari, mizani, vitamini na tabasamu. Mkulima anasema ndiyo. Je, amekubali utafiti, au amekubali kumwona daktari? Sisemi kwamba ndiyo yake haina thamani, maana kusema hivyo ni kumdharau. Nasema kwamba kadiri mtu anavyokosa njia nyingine, ndivyo anayemwomba ridhaa anavyozidi kubeba mzigo.

La tatu ni kanuni iliyotokana na hukumu ya Mtume (S.A.W.), kanuni ya al-kharaj bidh-dhaman. Mtu alinunua, akatumia alichonunua, kisha akaona kasoro na kukirudisha. Muuzaji akadai faida iliyopatikana wakati ule. Mtume (S.A.W.) akahukumu kwamba faida ni ya yule ambaye hasara ingekuwa yake. Baadaye Waothmani walipokusanya kanuni za fiqhi katika Majalla, waliiweka hiyo pamoja na dada yake: hasara huenda na faida.

Naomba tusimame hapa, kwa sababu naamini kanuni hii inatutoa kwenye ule mgongano wa Angell na Mbidde. Badala ya kuuliza kwanza kipimo ni cha nani, tuulize: nani anavuna, na nani anabeba? Chuo kilichovuka bahari kinavuna makala zinazochapishwa, sifa, fedha za wafadhili, ada za wanafunzi. Basi kibebe na hasara. Mshiriki akidhurika, kimtibu. Tawi likifungwa, kisimuache mwanafunzi wa mwaka wa pili barabarani na karatasi zisizotambulika. Na upande wa pili wa kanuni ni mzito vilevile: aliyebeba hatari ana haki katika mavuno.

Mfano wa upande huu wa pili uko Nairobi. Wanasayansi wa Oxford na wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana kutafuta chanjo ya UKIMWI, wakianzia kwa wanawake wa Majengo waliokuwa wakikutana na virusi mara kwa mara bila kuambukizwa. Damu ya wanawake wale na kazi ya madaktari wa Nairobi ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 2000 ikabainika kwamba maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, yalipelekwa Uingereza bila ya kuwahusisha Wakenya. Kelele zikapigwa, na baadaye pande zikakubaliana kugawana haki hizo. Heri walikubaliana. Ila ona kwamba ilibidi kelele zipigwe kwanza. Mkataba mzuri ni ule unaomfanya mnyonge asihitaji kupiga kelele, na Qur'ani inatuamrisha kuandika deni tangu mwanzo, mbele ya mashahidi, ili shaka isipate nafasi.

Pingamizi ambalo halifai kupuuzwa

Mwenzangu wa udaktari akaniambia: ukiweka masharti mazito, hawatakuja. Watakwenda nchi nyingine, na Rakai ingebaki na makaburi bila elimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ni hoja nzito, na anayeicheka hajawahi kukaa zamu ya usiku Mulago. Nina majibu mawili.

Kwanza, kubeba hasara hakumaanishi kuleta kila kilichoko Baltimore hadi Rakai. Fiqhi haimtwishi mtu asichokiweza. Angell akitaka kila mshiriki duniani apate tiba bora kuliko zote, huenda utafiti unaohitajika sana na maskini usifanyike kabisa. Lakini kuna mengi ambayo hayahitaji utajiri: kumwambia mtu ukweli kwa Luganda au kwa Kiswahili anachokielewa, kurudi kumpa matokeo, kumwandika mtafiti mwenyeji jina lake panapostahili, kueleza mapema ni nani atakayemtibu akidhurika. Anayeshindwa hata hayo asitafute udhuru katika umaskini wetu.

Pili, methali ile yenyewe ina sharti ndani yake. Mgeni anakaribishwa ili mwenyeji apone. Mgeni akipona peke yake, hiyo ni biashara nyingine.

Hapa ndipo Uganda yenyewe inapaswa kusimama imara. Hatuko mikono mitupu. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lilianzishwa mwaka 1990, na utafiti unaohusu watu unatakiwa upite katika kamati ya maadili ya hapa nchini hata kama umekwishapitishwa ng'ambo. Sampuli za damu hazitoki bila mkataba. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 ililiweka Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kusimamia wanaofundisha. Maneno ya Dakta Mbidde yana uzito iwapo tu wanaokaa katika kamati hizo wana elimu, muda na ujasiri wa kusema hapana. Mlinzi wa mlango anayeitikia kila hodi hamlindi mtu.

Sisi nasi ni wageni wa watu

Hadi hapa msomaji anaweza kufurahi, maana lawama zote zimekwenda Ulaya na Marekani. Ngoja kidogo.

Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilifungua tawi Dar es Salaam, kule Gongo la Mboto, na leo kinaendeshwa kwa jina la Kampala nchini Tanzania, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu ya huko. Silitaji kwa ubaya. Nalitaja kwa sababu linageuza picha. Kwa kijana wa Gongo la Mboto, Kampala ndiyo ilikuwa ng'ambo. Maswali tuliyoiuliza London, yeye ana haki ya kutuuliza sisi.

Na wewe unayesoma makala hii, mwaka wako wa mwisho unakungoja. Wengi wetu tutakwenda na dodoso zetu Nakivale, au Bidi Bidi kule Yumbe, au hapa karibu Kisenyi kwa ndugu zetu Wasomali. Wakimbizi wanahojiwa na kila mtu, kwa sababu hawana mlango wa kufunga. Mwaka jana nilifuatana na rafiki kwenda Kisenyi kwa mama mmoja muuza nguo. Rafiki alipotoa karatasi zake, mama yule akatutazama kwa upole, akasema: "Mwanangu, wewe ni wa ngapi? Wote wanaandika. Hajarudi hata mmoja kunisomea alichoandika."

Mama yule hakuwa akilalamikia wazungu. Waliotangulia kwake, alivyotueleza, walikuwa wanafunzi kama sisi, baadhi wakiwa na kanzu na hijabu, wakaanza kwa salamu ya amani. Chuo Kikuu, kwake, kiko ng'ambo ingawa ni mwendo wa dakika ishirini kwa bodaboda. Sisi tulivuna alama na shahada. Yeye alibeba kazi ya kukumbuka vita mbele ya mgeni, mchana kutwa, duka likiwa halina mteja.

Kwa hiyo nashauri kila jumuiya ya wanafunzi Waislamu iliyoko chuoni, kabla ya msimu wa utafiti, iwakalishe chini wanachama wake na kuwauliza maswali matatu. Je, ungekubali mama yako mzazi ahojiwe au apimwe namna hii? Akidhurika, kwa mwili au kwa heshima yake, nani atajibu, na yeye anajua pa kumpata? Na ni siku gani utakayorudi kumwambia ulichokipata? La tatu liandikwe tarehe. Ahadi isiyo na tarehe husahaulika kabla ya mahafali.

Vyuo vikubwa vina wanasheria na kamati, na ni vyema tuvidai vifuate mizani moja. Lakini madai yetu yatakuwa mepesi iwapo mizani yetu wenyewe imepinda. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichochunga, na hakuwatoa wanafunzi katika hesabu hiyo.

Wenzetu wa udaktari, sheria na sayansi ya jamii wanaoona nimekosea katika fani zao, ukurasa huu uko wazi kwa majibu yenu katika toleo lijalo. Na rafiki yangu wa Kisenyi, karatasi yako ilishapata alama. Mama bado anangoja.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.